Kitabu cha Kwanza cha Watoto na Njia Yake: Uchambuzi kutoka Same na Milima ya Upare

Methali yasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara nyingi maneno haya ni kweli, lakini katika habari ya vitabu vya watoto ukweli wake ni wa nusu tu. Mwenye kukisoma kitabu cha watoto hana fedha, na mwenye fedha hakisomi. Mtoto wa darasa la pili katika kijiji cha Mbaga au cha Chome hawezi kununua kitabu, wala hakuna amwulizaye kama kitabu kilichonunuliwa kwa ajili yake kilimpendeza. Kati yake na mwandishi wamesimama watu wengi: mhariri, mchoraji, mpiga chapa, mchapishaji, ofisa wa elimu, mfadhili, mwalimu na mzazi. Kila mmoja wao aweza kukikataa kitabu. Mtoto peke yake hana uwezo huo, ijapokuwa yeye ndiye aliyeandikiwa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa kitabu cha kwanza cha mwandishi. Mwandishi mpya hana jina la kumtangulia, wala hana wasomaji wanaongoja kazi yake. Nakala zake zikibaki katika maboksi chini ya kitanda, aghalabu kitabu cha pili hakiandikwi, na lugha humpoteza mwandishi kabla haijamjua. Kwa sababu hiyo yafaa wachambuzi waitazame njia ya kitabu cha kwanza cha watoto kwa uangalifu uleule watumiao katika kutazama riwaya na diwani. Hoja ya makala haya ni moja: kitabu cha watoto huanza kutangazwa ndani ya mswada wenyewe. Kitabu ambacho hakikusomwa kwa sauti mbele ya watoto kabla ya kupigwa chapa hakitaokolewa baadaye na tangazo lolote, hata likiwa zuri namna gani.

Wilaya ya Same ni mahali pafaapo kwa kuipima hoja hii. Mji wa Same upo chini ya milima, katika barabara kuu itokayo pwani kwenda Moshi na Arusha, na kando ya reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam chaweza kufika Same kwa basi la siku moja bila taabu kubwa. Taabu yaanzia hapo. Kutoka Same kwenda juu, mpaka Mbaga, Suji, Vudee, Chome, Mamba na Gonja, njia ni za mlimani, na wakati wa mvua nyingine hazipitiki kwa urahisi. Kadhalika lugha hubadilika kadiri mtu apandavyo. Mtoto wa mjini Same aghalabu hukua na Kiswahili nyumbani, na mwenzake wa mlimani aweza kuja shuleni na Kipare, yaani Chasu, lugha ambayo jina lake lenyewe laonyesha kiambishi chi- mahali pa ki- ya Kiswahili. Kitabu kimoja chapaswa kuwafaa wote wawili.

Wala haifai kudhani kwamba Upare ni nchi ngeni kwa maandishi. Wamisionari wa Kiadventista wa Sabato walifika mwaka 1903, na Walutheri nao walijenga vituo na shule. Sarufi ya Chasu iliyotungwa na Ernst Kotz ilichapwa Berlin mwaka 1909. Hivyo chapa ilipanda milimani mapema, lakini ilipanda kwa kazi yake maalumu: mtoto alifundishwa kusoma ili asome kitabu cha dini. Katika miaka ya 1950 wilaya ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Upare, na wazazi wa milima hii wamejulikana kwa bidii yao ya kujenga shule kwa nguvu zao wenyewe. Penye shule nyingi hivyo wasomaji hawakosekani. Lililokosekana kwa muda mrefu ni kitabu ambacho mtoto angekifungua bila kusukumwa na ibada wala mtihani.

Upungufu huo una asili yake katika historia ya uchapishaji wa Kiswahili, nao haukuwa wa Upare peke yake. Miongoni mwa vitabu vya hadithi vilivyopewa wanafunzi wa Afrika Mashariki zamani za Waingereza mlikuwa na tafsiri, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizotolewa mwaka 1929. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Ndiyo kamati ambayo baada ya mabadiliko mengi ilizaa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964. Moja ya kazi zake ilikuwa kuvikagua vitabu vya shule na kuvitolea idhini ya lugha. Faida ya kazi hiyo yaonekana hata leo: mtoto wa Same na mtoto wa Mombasa waweza kusoma ukurasa mmoja, nao wakakuta maneno yameandikwa kwa namna moja.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Mchambuzi wa kwanza wa kitabu cha mtoto alikuwa mkaguzi wa sarufi. Aliuliza kama Kiswahili chake ni sanifu. Hakupaswa kuuliza kama hadithi yake yavuta. Desturi ikikaa sana huwa sheria, na hata baada ya kuundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1948, na baada ya uhuru kuleta wachapishaji wa nchi yenyewe, waandishi wengi waliendelea kuandika kana kwamba mkaguzi yule bado ameketi mezani. Athari yake yaonekana katika vitabu vingi vya watoto: sentensi safi, adabu njema, fundisho mwishoni, na mtoto aliyelala usingizi ukurasa wa tano.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Mpango wake katika miaka ya mwanzo ulikuwa wa akili sana. Mchapishaji alipiga chapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa; mradi ukanunua nakala 3,000 na kuzigawa mashuleni na katika maktaba, na nakala 2,000 zikabaki kwa mchapishaji aziuze mwenyewe. Hivyo nakala tatu katika kila tano zilikuwa na mnunuzi kabla mashine haijaanza kuzunguka. Bila mpango huo vitabu vingi vya kwanza visingalizaliwa, na waandishi wengi wasingalijulikana. Mchambuzi asiyekiri hivyo hana haki.

Hata hivyo hapana budi kusema na upande wa pili. Mchapishaji aliyekwisha kurudishiwa sehemu kubwa ya gharama zake kwa nakala 3,000 hakulazimika kuhangaika sana kwa ajili ya zile 2,000. Kuzipeleka Same, na kutoka Same kuzipandisha Mamba, kulimgharimu nauli, mtu na siku, na faida yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo kitabu kiliweza kuhesabiwa kuwa kimefaulu bila mtu yeyote kukitaka dukani. Mwandishi naye alipokea habari za mauzo, wala hakupokea habari za wasomaji. Hakujua ni ukurasa upi uliowachekesha watoto, na ni upi waliouruka. Akiandika kitabu cha pili, ataandika kwa kumkumbuka mnunuzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyemjibu.

Mlango wa shule nao una walinzi wake. Tangu mwaka 1999 mpaka mwaka 2013 vitabu vilipimwa na kamati ya idhini iliyojulikana kwa kifupi kama EMAC; baada ya kuvunjwa kwake kazi hiyo ilihamia katika vyombo vingine vya Serikali, na ithibati ya Kamishna wa Elimu ndiyo iliyokuwa ufunguo. Nguvu ya ufunguo huo ilionekana mwezi wa Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu za maadili. Mwaka huohuo zilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo za Mwalimu Nyerere za uandishi bunifu, ambazo mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10; zilianza kwa riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto nazo zikaingizwa. Haya yote ni matendo ya watu wazima kwa niaba ya watoto. Mengi katika hayo ni mema. Lakini hakuna hata moja katika hayo lenye kumwuliza mtoto mwenyewe.

Kama mfumo haumwulizi, basi yampasa mwandishi amwulize, na mahali pa kuuliza ni katika mswada. Chukua jambo ambalo kila mtoto wa mlimani Upare aweza kulijua: msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kama vile kusafisha mfereji au kutengeneza ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mwandishi mpya aliyezoea lugha ya ofisi huweza kuanza hivi: "Ilikuwa ni desturi ya wananchi wa kijiji hicho kushirikiana katika utekelezaji wa shughuli mbalimbali za maendeleo, ikiwemo usafishaji wa mifereji ya umwagiliaji." Sentensi hii haina kosa ambalo mkaguzi angelitia alama nyekundu, ila labda hiyo "ikiwemo". Lakini haina mtu, haina sauti, wala haina neno moja ambalo mtoto wa miaka minane angelitamka kwa hiari yake.

Sasa jambo lilelile laweza kuanzwa hivi: "Baragumu likalia. Mama akatwaa jembe. Baba akatwaa jembe. Nakiete naye akalitafuta jembe lake, hakuliona." Hapa yapo mambo matatu yampasayo mchambuzi kuyataja. Kwanza, -ka- ya masimulizi yachukua hadithi mbele kama inavyofanya katika ngano za mdomo, na mtoto aliyezoea kusimuliwa huitambua mara moja. Pili, sentensi ya pili na ya tatu zina umbo moja, kwa hiyo darasa lisikilizalo huanza kuitikia lenyewe, na sentensi ya nne huwakamata kwa kuwa umbo limevunjika. Tatu, mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani hupata upatanisho wa li- mara kadhaa, likalia, akalitafuta, hakuliona, bila kuambiwa kwamba anafundishwa sarufi. Swali la jembe limekwisha kuulizwa, naye atafungua ukurasa wa pili ili apate jibu lake. Hilo ndilo tangazo la kwanza la kitabu.

Wako watakaosema kwamba maneno kama msaragambo na ndiva hayafai katika kitabu cha taifa zima, kwa kuwa mtoto wa Lindi hatayaelewa. Hoja hii yastahili jibu. Kiswahili sanifu hakikuumbwa kwa maneno ya mahali pamoja tu, na milima ya Upare yenyewe ina ushahidi. Makande, chakula cha mahindi na maharage ambacho watu wengi hukitaja pamoja na Wapare, ni neno lijulikanalo mbali sana na Same. Halikuhitaji maelezo chini ya ukurasa. Lilienezwa na chakula chenyewe. Hali kadhalika msaragambo utaeleweka kama hadithi itaonyesha baragumu, majembe, na watu wote njiani asubuhi. Neno linalohitaji maelezo marefu katika kitabu cha mtoto ni neno ambalo mwandishi hakulipa kazi ya kufanya.

Yapo tena makosa ya namna nyingine, nayo ni ya kupunguza. Mwandishi atafutaye kicheko cha haraka huweza kuutegemea utani wa zamani, usemao kwamba Wapare ni wabahili na wapenda mashauri. Utani ni mali ya watani, nao una mahali pake na majibu yake. Ukitiwa katika kitabu cha mtoto wapoteza yule wa kujibu, wabaki dharau. Historia ya Upare ina mambo makubwa zaidi ya hayo. Katikati ya miaka ya 1940 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na wanawake nao walisimama katika upinzani huo, mpaka kodi ikaondolewa. Isaria Kimambo alilieleza jambo hilo kwa ajili ya wanachuoni mwaka 1971. Mwandishi wa watoto mwenye ujasiri angeweza kulieleza kwa njia yake, kwa macho ya mtoto aliyeachwa nyumbani na wadogo zake siku mama aliposhuka Same.

Baada ya mswada zaja picha na chapa, na hapa waandishi wapya hupata hasara kwa kutojua hesabu. Karatasi kubwa ya mpiga chapa ikikunjwa aghalabu hutoa kurasa 8 au 16. Ndiyo maana vitabu vya watoto huwa na kurasa 16, 24 au 32. Mswada unaohitaji kurasa 26 utalipia kurasa tupu, au utakatwa ovyo na mtu asiyeujua. Picha za rangi hupigwa kwa wino wa namna nne, na kila wino huhitaji bamba lake. Gharama ya kutengeneza mabamba ni ileile kama nakala ni 500 au ni 5,000. Kwa hiyo mwandishi anayechapa nakala chache kwa fedha zake mwenyewe hupata kitabu ambacho bei yake humshinda mzazi wa kijijini. Picha za wino mmoja zilizochorwa vizuri humfaa mtoto kuliko picha za rangi zilizochorwa vibaya. Tena mchoraji aujue mlima. Mtoto wa Suji akioneshwa kijiji cha tambarare chenye twiga nyuma ya nyumba, naye amezoea migomba, mawe na miteremko, atajua kwamba kitabu hakimsemi yeye.

Ndipo lije suala la kukitangaza. Desturi ya mjini ni uzinduzi: ukumbi, mgeni rasmi, hotuba, na nakala chache kununuliwa kwa bei ya heshima. Uzinduzi humpa mwandishi moyo, na haifai kuudharau. Lakini watoto waliomo ukumbini huwa wachache, nao aghalabu huimba wimbo kisha hutolewa nje. Kinyume chake, historia ya nchi yenyewe yaonyesha kwamba hadithi za watoto hutangazwa kwa sauti. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kilichosomwa kwa miaka mingi na Debora Mwenda, kiliwafikia watoto wa mabondeni na wa milimani kwa pamoja. Watu wazima wa leo huzikumbuka hadithi zile ijapokuwa wengi wao hawakupata kuziona katika karatasi. Mtangazaji yule hakuwa na picha za rangi. Alikuwa na sauti, na alijua mahali pa kunyamaza.

Kwa wilaya kama Same, kukitangaza kitabu cha kwanza kwapaswa kufuata njia hiyohiyo. Mwandishi asome mwenyewe darasani, kisha akiache kitabu mikononi mwa mwalimu ambaye amemsikia akisoma. Siku ya gulio, watu wanaposhuka na ndizi, tangawizi na maharage, kitabu kinachosomwa kwa sauti huvuta wazazi kuliko kitabu kilichopangwa mezani. Misikiti na makanisa, ambayo ndiyo yaliyozoesha watu wa milima hii kusikiliza maandishi yakisomwa mbele ya kusanyiko, yana madrasa na shule za Jumapili zenye watoto wengi. Katika mahali hapo pote mwandishi atajua ukweli ambao hesabu ya mauzo haiwezi kumwambia. Watoto wakianza kutazama dirishani, ukurasa huo una kasoro, hata kama mhariri aliusifu.

Hapo ndipo mpango wa kazi wapaswa kugeuzwa. Kama kusoma mbele ya watoto ndiko kunakouza kitabu, tena ndiko kunakofichua kasoro zake, basi si busara kukuacha mpaka kasoro zisiweze kusahihishwa tena. Mwandishi aupeleke mswada katika shule tatu, moja ya mjini na mbili za mlimani, kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa. Hakuna gharama ila nauli na subira. Mchapishaji naye aombe habari za usomaji huo kama aombavyo barua ya mwandishi na jina la mchoraji. Wafadhili na watoa tuzo waweza kufanya vivyo hivyo: badala ya kuwasikiliza waamuzi watu wazima peke yao, wasikilize pia namna darasa moja lilivyoupokea mswada.

Wachambuzi wa lugha nao wana deni. Vitabu vya watoto hupita katika majarida ya wanachuoni bila kutajwa, au hutajwa kwa mistari miwili ya sifa, kana kwamba udogo wa msomaji ni udogo wa kazi. Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa kwanza husifiwa na jamaa zake, hukaguliwa na Serikali, wala hachambuliwi na mtu. Sifa tupu haimfunzi. Yafaa kila kitabu kipya cha watoto kichambuliwe kwa kutaja sentensi zake, umbo la hadithi yake, na jinsi kilivyosikika kiliposomwa kwa sauti mbele ya watoto wenye Kiswahili cha nyumbani na wenye Kiswahili cha shule. Uchambuzi wa namna hiyo ukimfikia mwandishi mapema, atakuwa na la kumsaidia anapoanza mswada wake wa pili; na mtoto wa Mbaga, ambaye hakuulizwa lolote juu ya kitabu cha kwanza, atakuwa amesikilizwa katika kile kinachofuata.